Ushahidi Uko Wapi?

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujafika kwenye sehemu ya wahusika, nataka ukutane na mhusika mmoja ambaye hatatahiniwa. Alikuwa mwalimu wangu wa fasihi tangu kidato cha pili. Nilipohitimu chuo kikuu na kushika chaki, akawa mlezi wangu katika kazi hii. Alitutoka mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Tulimwita Bi. Ushahidi, ingawa si mbele yake.

Jina hilo lilitokana na swali lake. Ungesema mhusika fulani ni katili, naye angekutazama juu ya miwani na kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Hakutaka umsimulie hadithi upya. Alitaka tendo la mhusika, au kauli yake, au yale ambayo wenzake wanasema kumhusu, tena alitaka ukurasa. Wanafunzi wanne tulitumia nakala moja ya riwaya, kwa hivyo kuutafuta huo ukurasa kulikuwa vita. Neno "kinaya" nalo lilimkera likitumiwa ovyo. Mvua ikinyesha siku ya michezo, alisema, hiyo si kinaya, ni mvua.

Kwenye mazishi yake kila aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu alikuwa mkarimu, mwenye bidii, mwenye msimamo. Mmoja wa wale niliosoma nao akaninong'oneza, "Ushahidi uko wapi?" Tulicheka tukiwa tumeinamisha vichwa, na machozi yakaja papo hapo. Basi, huu hapa wangu.

Ni mkarimu. Nikiwa kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Alinikuta nikingoja matatu, akafungua mkoba na kunipa nakala yake mwenyewe ya *Siku Njema*, riwaya ya Ken Walibora iliyotoka mwaka wa 1996. Hakunipa pole. Alisema, "Ukirudi utaniambia kwa nini Kongowea anaondoka Tanga." Nilikaa nyumbani majuma mawili, nikaisoma mara mbili kwa mwanga wa koroboi. Niliporudi nilimwambia anakwenda kumtafuta babake. Unajua alichoniuliza.

Ni mwadilifu. Nilipoanza kusahihisha mitihani, nilimpigia simu kulalamika kwamba watahiniwa hujiandikia mambo ambayo mwalimu hakufundisha. Akanijibu kwamba mwanafunzi akisema jambo usilolitarajia, rudi kitabuni kwanza ndipo uchukue kalamu nyekundu. Nimefanya hivyo miaka mingi sasa. Mara nyingine mtahiniwa huwa amebuni tu. Mara nyingine huwa ameona kitu ambacho mimi, niliyekifundisha kitabu hicho muhula baada ya muhula, sikuwa nimekiona, na hapo alama ni yake.

Nakueleza haya kwa sababu ninajua kinachotokea katika Karatasi ya Tatu. Swali linaomba sifa za mhusika, na mtahiniwa anamimina orodha: mkarimu, mwenye bidii, mwenye msimamo. Maneno ni yale yale ya mazishini. Ukiyatoa majina ya wahusika, huwezi kujua ni nani anayezungumziwa, wala ni kitabu kipi. Mtu mzima aliyeumbwa na mwandishi kwa kurasa mia mbili anazikwa kwa maneno matatu.

Miongozo hakuipenda. Iliyokuwepo aliifungia kabatini hadi tumalize kusoma kitabu chenyewe, na ufunguo aliuweka pochini. Kwa hiyo nilipoombwa kuandika huu ulio mkononi mwako, nilisita kumwambia. Nilimwambia hatimaye, kwake nyumbani, tukinywa chai. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na wao utawaachia wafanye nini?"

Hakupata kuuona ukichapishwa. Katika sehemu inayofuata, chini ya kila sifa nimeeleza mfano mmoja tu, kisha nikaacha mistari mitatu mitupu. Mhariri alipoiona alidhani nimesahau kuijaza. Sikusahau. Ni yako, andika tendo au kauli uliyoipata mwenyewe riwayani, na namba ya ukurasa.