Uzito wa Sauti

Uzito na kelele ni vitu viwili mbali mbali, lakini masikio yenye haraka huvichanganya. Kelele hujaza chumba. Uzito hujaza moyo. Kosa hilo lilizaa ugomvi katika nyumba moja ya Mlalo, baina ya mzee aliyefundisha kwaya miaka mingi na mjukuu wake aliyeiacha kwaya kwa ajili ya gita la umeme. Wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na kuimba kwa sauti nne kumekuwa mali ya wenyeji. Mzee aliona mali hiyo inatupwa, akaapa kwamba gita lile halitavuka kizingiti chake.

Jioni moja ya baridi kijana alikuja na simu tu mkononi.

"Shikamoo, babu. Nakuomba usikilize kwanza, kisha uhukumu."

"Marahaba. Nimsikilize nani?"

"Mtoto wa Unguja."

Alikuwa Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, akahamia Uingereza na wazazi wake mwaka 1964, na kujulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury. Santuri ya kwanza ya bendi yake, Queen, ilitoka mwaka 1973. Sehemu yake kubwa ilirekodiwa katika saa ambazo studio haikuwa na mteja. Kwa santuri ya pili, iliyotoka Machi 1974, bendi ilipewa wakati wake yenyewe. Wakati huo ndio ulioongeza uzito: gita liliwekwa juu ya gita, na sauti juu ya sauti. Santuri iligawanywa pande mbili, mweupe na mweusi, na nyimbo zote sita za upande mweusi alizitunga Mercury.

Kijana alichezesha upande mweusi. Magita yalipovuma mzee alikunja uso. Waimbaji walipoingia aliinua mkono, akahesabu sauti kwa vidole mpaka vidole vikamwishia.

"Kwaya hii ina watu wangapi?"

"Watatu, babu. Waliimba, wakarudia juu ya sauti zao wenyewe, mpaka watatu wakawa umati."

Mzee alinyamaza. Kazi ya kuwafanya wachache wasikike kama wengi aliijua. Ilimla ujana wake.

"Na gita hilo linalonguruma?"

"Mpigaji, Brian May, alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake. Shingo yake waliichonga kutoka ubao wa meko ya zamani."

"Pamoja na baba yake," mzee alirudia polepole. Hakusema kwamba ameupenda muziki ule. Alitazama ukungu ukishuka milimani, kisha akauliza:

"Lako liko wapi?"

"Kwa jirani, babu."

"Usiku huu utakuwa na unyevu, na unyevu huharibu mbao. Kalilete ndani."