Si Vumbi Peke Yake

Kolwezi, vumbi hubeba lawama nyingi. Kiangazi kikianza mwezi wa tano, malori ya madini hayapumziki, nguo zilizoanikwa zinashika wekundu kabla hazijakauka, na kila anayefikicha macho anajua wa kumlaumu. Ndiyo maana paka wa mama mmoja jirani yangu alipoanza kufumba jicho la kushoto na kupiga chafya, mtaa ulikuwa na jibu tayari.

Mama yule hakuridhika nalo. Alimfunga paka kwenye kitenge, kikabaki kichwa tu nje, akalowesha kitambaa safi kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, akakishikilia juu ya tongotongo mpaka likaachia lenyewe bila kuvutwa. Chini yake kope zilikuwa zimevimba kwa ndani, na ule utando wa pembeni ulikuwa umepanda ukafunika nusu ya mboni. "Angalia la kuume, ni zima," akaniambia. "Vumbi lingechagua jicho moja?"

Daktari wa mifugo alimpa haki. Alitaja kirusi cha hepesi cha paka, ambacho wataalamu wanakijua tangu miaka ya 1950. Hupita kwa chafya na kwa majimaji ya pua na macho, kutoka paka hadi paka; binadamu hakimpati. Hushambulia utando laini wa jicho, na pengine huchora vidonda vyenye matawi juu ya konea, ile sehemu angavu ya mbele. Kwa kitoto cha paka ambacho macho yake hayajafunguka, usaha hujikusanya nyuma ya kope, na jicho laweza kuharibika kabla halijaona mwanga hata siku moja. Hilo liliniuma kuliko yote.

Tena kirusi hiki hakiondoki. Jicho likipona, chenyewe kinajificha kwenye neva za uso, na inakadiriwa kwamba paka wanane kati ya kumi walioambukizwa hukibeba maisha yao yote. Kinakaa kimya mpaka mnyama aelemewe: ahamishwe, anyonyeshe, au aletewe paka mgeni ndani ya nyumba. Kama wiki moja baada ya msukosuko, kinaanza kutoka tena.

Familia ya mama huyu ilikuwa imehamishwa kiangazi hichohicho. Walifika na mabati, magodoro, sufuria, na paka ndani ya gunia. Mji wetu unajua kuhama. Mwaka 2014 kobalti ilipoonekana chini ya nyumba za Kasulo, watu walichimba mpaka vyumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa huo ilizungushiwa ukuta na waliokuwa wakiishi humo wakaondoka. Wakati wa kuhesabu fidia, huandikwa vyumba, matofali na miti ya maembe. Mtoto aliyeanza kukojoa kitandani haandikwi, wala baba ambaye presha yake ilipanda baada ya kila mtu kusema mambo yameisha. Mimi naamini mwili hulipa baadaye, na anayemtunza aliyehama asimwangalie siku ya lori tu. Amwangalie wiki zinazofuata, hasa akiwa amenyamaza.

Mama alilielewa hili bila kuhubiriwa. Alimwekea paka boksi la katoni chini ya kitanda, pahali watoto hawafiki, chakula kwenye bakuli lilelile la zamani, na samaki wa ndakala kidogo waliopashwa moto, maana paka asiyesikia harufu hali. Vitambaa vya macho alivichemsha kila siku.

Dawa nayo inataka uangalifu. Marhamu ya tetrasaiklini inasaidia dhidi ya bakteria wanaovamia jicho lililokwisha kuumwa, lakini kirusi chenyewe haikigusi; kina dawa zake maalumu, ambazo daktari ndiye huzipima. Matone yenye steroidi, yale yanayoondoa wekundu haraka, ni ya hatari: kidonda cha konea kikiwapo, yanaweza kukizamisha mpaka jicho litoboke. Usinunue matone dukani kwa sababu tu yalimfaa shangazi yako.

Chanjo ipo. Haizuii maambukizi yote, ila inapunguza ukali wake, na huanza kutolewa kitoto kikiwa na wiki sita hadi nane. Mwenye paka jike amuulize daktari mapema, kabla paka hajashika mimba, maana akinyonyesha huku kirusi kimeamka, wanawe ndio wa kwanza kukipata.