Mtu Mwepesi wa Luapula

Kasomeno tuliyokulia ilikuwa njia panda. Barabara kutoka Lubumbashi ikifika pale inagawanyika: moja inashika Kasenga, kwenye mto Luapula, nyingine inaendelea kaskazini hadi Pweto. Watoto tuliyajua malori kwa harufu kabla hayajaonekana. Lori la Kasenga lilinuka samaki wa moshi, chumvi na magunia yaliyolowa. Dereva hajazima injini, mama zetu wameshafika na mabeseni ya mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu na ndoo za kinywaji cha munkoyo. Sogea ukutani, ndugu, vumbi jekundu la pale halichagui shati.

Juu ya magunia hayo ndipo alipokaa baba mdogo kila alipokuja kututembelea. Alikuwa mwembamba, mikono mirefu, shingo imechongoka. Mama akimtazama alisonga bukari, ugali wetu, zaidi, akamwongezea sombe, yaani kisamvu, naye akala yote na asinenepe. Wala hakutaka kunenepa. Kazi yake ilikuwa kuvusha watu na mizigo kati ya Kasenga na Kashiba, ng'ambo, upande wa Zambia, na mtumbwi haukuwa wake. Mwenye mtumbwi alimpima kila mpiga kafi kwa jicho, maana mpiga kafi mnene hula nafasi ya gunia. Basi baba mdogo aliitwa wa kwanza, na wanaume wenye vifua vipana walibaki ufukweni wakicheza karata.

Likizo moja alinichukua. Tulishuka naye alfajiri: ukungu umelala juu ya matete, tope linanuka mizizi na magamba, kwa mbali mtu anapasua kuni. Alinikalisha mbele, akanipa kopo la maziwa ya unga nikombe maji yanayopenya kwenye ufa uliozibwa nusu kwa lami. Karibu na ukingo alitumia pondo; kina kilipoongezeka aliliweka chini, akashika kafi. Hakuvuta kwa nguvu kama nilivyodhani. Alichoma kafi majini, akaegemea, akalitoa bila kurusha hata tone, na muda wote macho yake yalikuwa mbele. Penye maji mazito aligonga ubavu wa mtumbwi kwa mpini, ko, ko, ko, ili kiboko ajue tunapita. Abiria walinyamaza. Mimi nilisahau kukomba maji.

Jioni wazee wa Kasenga walisimulia enzi za wafanyabiashara Wagiriki wa samaki, boti zao za injini na barafu yao, na samaki mpumbu waliojaa nyavuni wakapelekwa kulisha wafanyakazi wa migodi ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mimi mpumbu nilimjua kwa masimulizi tu. Tulichokula ni samaki aitwaye pale, amechomwa na chumvi, ngozi inapasuka.

Nilimkumbuka baba mdogo mwaka 2021, michezo ya Tokyo ilipoonyeshwa. Kathleen Noble, mzaliwa wa Kampala, wazazi wake Waairishi, alikuwa mpiga makasia wa kwanza wa Uganda kufika Olimpiki. Zamani aliiwakilisha Uganda katika kuogelea. Makasia aliyajulia Princeton, Marekani, katika kikosi cha wanawake wepesi. Nilishangaa kwamba wepesi una mashindano yake: mwanamke asizidi kilo 59, mwanamume 72.5, na watu wanapanda mizani kabla ya kupanda mashua. Olimpiki ililikubali daraja hilo la wepesi Atlanta 1996, ikaliaga Paris 2024. Lakini mashua ya mtu mmoja haikuwa na daraja la wepesi huko. Noble alishindana na yeyote, Tokyo na tena Paris. Nadhani hilo lilihitaji moyo kuliko mizani.

Nilipokwenda Kasomeno nilimwonyesha baba mdogo video kwenye simu. Siku hizi anakaa kwa dada yake, karibu na njia panda, bado mwembamba. Aliisogeza simu, akaisogeza tena.

"Huyu mama anaenda kinyumenyume?"

"Ndivyo wanavyopiga, baba. Mita elfu mbili."

"Sasa nani anamwona kiboko?"

Nilimwambia maji yale hayana viboko. Akaangalia mpaka mwisho, akasifu mikono yake, kwamba kasia linatoka majini bila fujo.

"Anajua kazi," alisema. "Sasa mizigo wameiweka wapi?"