Mahari yangu ililipa deni la hospitali

Mwaka 1989 nilipeleka ng'ombe 12 katika kijiji kimoja cha wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, nikaoa. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, na ng'ombe wale walikusanywa kwa taabu: wengi walitoka kwa baba yangu, wengine kwa baba mdogo, na wawili niliwanunua mwenyewe kwa kudunduliza mshahara. Sikutazamia hata kidogo kwamba baada ya miaka 26 uzao wa ng'ombe wale ungeswagwa mnadani ili kulipia kitanda, vyuma na nyuzi za hospitali; wala kwamba kosa lenyewe, au nusu yake, lingekuwa langu.

Sisi tuliosoma baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tulizoea jambo ambalo vijana wa leo hulisikia kama hadithi. Mgonjwa alikwenda hospitali ya serikali, akatibiwa, akarudi kwake, na hakuna aliyemwuliza fedha. Sisemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Katika miaka ya 1980 dawa ziliadimika mno, na mara nyingi tulirudi nyumbani na cheti mkononi bila kidonge. Lakini hofu yetu ilikuwa ya ugonjwa. Dirisha la malipo hatukulijua. Mwaka 1993 serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama za matibabu, ikianza na hospitali kubwa, na polepole tukajifunza kupapasa mifuko yetu kabla ya kupapasa paji la uso la mgonjwa.

Mwaka 1996, hukohuko Igunga kwa wakwe zangu, ndiko kulikoanzishwa kwa majaribio Mfuko wa Afya ya Jamii. Kila kaya ilitoa mchango wake wa mwaka, na serikali ikaongeza kiasi kilekile, mpango ulioitwa "tele kwa tele". Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwa waliojiunga mapema. Nimesimuliwa kwamba aliwaambia jirani zake jambo lile si geni, ni chama cha kuzikana tu, ila hapa mtu anafaidi mchango wake angali hai. Mfuko ule ulimtosha kwa malaria na kwa kifua, kwa maana ulihusu zahanati na vituo vya karibu. Mfupa uliovunjika ni jambo jingine, nami nitalifikia.

Kadi yangu mimi ilikuja mwaka 2001, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi kwa watumishi wa serikali. Makato yalikuwa asilimia 3 ya mshahara wangu, na mwajiri akatoa asilimia 3 nyingine. Tulinung'unika, kama walimu wanavyonung'unika kwa kila makato, kisha fomu zikaletwa shuleni. Mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne: basi. Watoto walikuwa watatu, wa kwanza pamoja na mapacha wetu, Kulwa na Doto, ambao kwa kuzaliwa usiku mmoja walichukua nafasi mbili kwa mpigo. Ikabaki nafasi moja, na wazee waliokuwa hai walikuwa wawili: mama yangu mzazi na mama wa mke wangu.

Nadhani umekwisha kujua nilichokifanya. Niliandika jina la mama yangu. Sikumwuliza mke wangu. Niliijaza fomu ile ofisini, juu ya meza ya mwalimu mkuu, nikairudisha siku ileile, na jioni nikamwambia kwamba imekwenda. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, Baba Kulwa," akaendelea kupepeta mchele.

Huenda utanitetea kwa kusema kwamba nafasi ilikuwa moja na mama ni mama. Nakushukuru, lakini utetezi huo unafika mwaka 2013 tu. Mwaka ule mtoto wetu wa kwanza alivuka umri wa kuhesabiwa mtegemezi, na nafasi yake ikabaki wazi. Mke wangu alinikumbusha mara tatu kwamba sasa mama yake anaweza kuandikwa. Mara zote tatu nilimjibu kwamba nitakwenda Jumatatu. Jumatatu zilikuja, kila moja na mitihani yake, mikutano yake na mvua yake. Kadi ilikuwa ikitufaa sisi wa nyumbani, na mwenye kushiba hamjui mwenye njaa hata kama wanakula sahani moja sikukuu.

Mwaka 2015, mwezi wa masika, mama mkwe aliteleza kwenye tope kando ya zizi, akavunjika shingo ya mfupa wa paja. Hospitali ya wilaya walimpokea vizuri, wakampiga picha bila malipo, kwa kuwa sera ya nchi inawasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ila hapakuwa na daktari wa mifupa wa kumtia vyuma. Tulielekezwa kwenye hospitali nyingine, nje ya mkoa wetu, isiyo ya serikali. Huko msamaha wa wazee tuliokwenda nao haukutufaa kitu. Tukaambiwa upasuaji ni shilingi 900,000, nami nikakopa fedha hizo katika SACCOS ya walimu, nikazilipa zote siku ya kwanza, nikapewa stakabadhi. Niliikunja, nikaitia mfuko wa shati, nikajiona mwanamume aliyetimiza wajibu wake kwa wakwe.

Upasuaji ulikwenda salama. Wauguzi wa wodi ile walikuwa watu wema, nami sina neno juu yao. Yupo mmoja aliyekuwa akimsuka mama mkwe nywele usiku wa zamu. Siku ya 15 daktari alisema mgonjwa anaweza kwenda nyumbani. Nilikwenda dirishani kuchukua karatasi ya ruhusa, na badala yake nikapewa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Chini ya ya pili palikuwa na jumla: shilingi 2,140,000. Toa 900,000 zilizolipwa, zilizobaki 1,240,000.

Nilifikiri wamekosea jina. Nikarudisha karatasi. Kijana wa dirishani hakuwa mkorofi, alizisoma upya kwa kidole, mstari kwa mstari, kisha akasema, "Mzee, zile ulizolipa zilikuwa za upasuaji."

"Na hizi?"

"Hizi ni za mgonjwa."

Jibu hilo nimelifikiria miaka mingi. Vyuma vilihesabiwa peke yake. Dawa ya usingizi peke yake. Glovu, nyuzi, bandeji, maji ya mishipa, picha nyingine mbili, kitanda siku 15, na kumwona daktari bingwa kila siku, pamoja na zile siku ambazo daktari alipita miguuni pa kitanda akauliza, "Bibi hajambo?" akaendelea na safari yake. Sikuona mstari hata mmoja ambao naweza kuapa kwamba ni wa uongo. Glovu zilivaliwa, nyuzi zilishonwa. Kilichonichoma ni kwamba katika siku 15 hizo hakuna aliyenifungulia hesabu ile nikaitazama inavyokua. Mwenye duka la kijijini anayekukopesha sukari hukuonyesha daftari lake kila unapokwenda. Mimi nilionyeshwa daftari siku ya mwisho, nikiwa nimekwisha kukodi gari la kurudia.

Gari lilirudi tupu. Mgonjwa aliyepewa ruhusa hakuruhusiwa kutoka hadi deni liishe, na kila usiku aliolala pale kwa sababu hatukuwa na fedha uliongeza shilingi 15,000 za kitanda katika fedha tusizokuwa nazo. Nililiuliza jambo hili kwa sauti ya darasani, nikaambiwa ndiyo taratibu.

Kitanda cha jirani alilala mama wa mwalimu mmoja wa wilaya nyingine. Alivunjika vilevile, akatiwa vyuma vilevile, na alitoka siku moja kabla yetu. Mwanawe alileta kadi, mama akatia alama ya dole gumba kwenye fomu ya Mfuko, wakanunua magongo nje ya geti, wakaondoka. Mke wangu alikuwa amesimama karibu akiwasaidia kufunga mizigo. Hakusema neno. Ningeshukuru kama angesema.

Ni yeye aliyeniletea habari ya ng'ombe. Unajua, msomaji, katika desturi zetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawazungumzi ana kwa ana mambo mazito, hustahiana. Kwa siku zote zile nilikuwa nikisimama mlangoni mwa wodi, nikiamkia kwa mbali na kuangalia pembeni. Usiku wa tatu wa kuzuiwa, mama mkwe alimwita binti yake akamwambia: "Mwambie Mwalimu, kaka yako auze ng'ombe wangu watatu. Lakini asije akadhani nimemrudishia mahari. Nimemkopesha."

Ilinibidi nikae chini. Anayeijua Unyamwezi anajua kwamba mahari ikirudi, ndoa imevunjika. Mwanamke yule, kwenye kitanda alichozuiwa kwa ajili ya Jumatatu zangu, alikuwa na nafasi ya kufikiria heshima yangu. Shemeji aliwapeleka mnadani, wakapatikana kwa haraka ya mwuzaji shilingi 1,270,000. Deni lilikuwa limefika 1,300,000. Zile 30,000 nikazitoa mimi, na huo ndio ukawa mchango wangu wa mwisho.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda ofisi ya Mfuko na picha zake mbili. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja.

Niruhusu nitoke kidogo nje ya nyumba yangu. Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, takwimu zilizokuwa zikitajwa zilionyesha kwamba takriban Watanzania 15 tu katika kila 100 walikuwa na bima ya afya ya aina yoyote. Wengi husema sababu ni umaskini, nami sibishi. Yuko mtu ambaye kuchagua kati ya mchango wa bima na mbolea si kuchagua. Lakini wapo wengine, nami nawajua kwa sababu naketi nao. Kadi ya mchango wa harusi ikija, mtu hutafuta 100,000 mahali popote ili asiaibike mbele ya kamati, na mwenyekiti wa kamati humpigia simu mara nne. Bima haina mwenyekiti wa kumpigia simu, nayo haina keki. Mwaka 2023 huohuo Mfuko ulisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja katika mpango wa Toto Afya Kadi, uliokuwa wa shilingi 50,400 kwa mwaka, ukieleza kwamba watoto wengi walioletwa walikuwa tayari wagonjwa. Wazazi walilalamika sana, na kwa haki, maana mtoto mgonjwa hana kosa. Hata hivyo, mama mkwe wangu angeielewa hesabu hiyo upesi. Chama cha kuzikana ambacho watu hujiunga baada ya kufiwa hakiwezi kununua sanda ya pili.

Neno linalonisumbua zaidi ni lile la watu sita. Fomu yangu ya mwaka 2001 ilihesabu sita, na hata katika mazungumzo ya sheria mpya kaya iliyokuwa ikitajwa ni ya watu sita. Najua lazima hesabu iwe na mwisho, kwa maana Mfuko usio na kikomo utafilisika. Lakini nani katika nchi hii ana jamaa sita? Anayeijaza fomu anaamua, kwa kalamu ya wino, ni mzazi yupi atazuiwa wodini. Uamuzi wa namna hiyo haufai kufanywa na mtu mmoja juu ya meza ya mwalimu mkuu. Ufanyeni nyumbani, mume na mke, jioni, na kama kuna ugomvi ugombwe siku hiyo. Na ukifika hospitali, usiulize bei ya upasuaji peke yake kama nilivyouliza mimi. Uliza bei ya mgonjwa. Omba kila baada ya siku mbili uonyeshwe hesabu ilipofika. Wengine watakununia, lakini utaonyeshwa.

Mama mkwe alitembea tena, kwa fimbo. Kadi yake aliitumia mara chache, kwa macho na kwa shinikizo la damu, na kila mara alikuwa akiuliza kama kweli hakuna cha kulipa. Alifariki mwaka 2019, nyumbani kwake. Nilikuwa nimekwisha kumrudishia ng'ombe wawili. Wa tatu nilimpelekea shemeji mwaka 2021, nilipostaafu na kupata kiinua mgongo changu. Shemeji alimpokea, akamzunguka, akasema ni mdogo kuliko yule aliyeuzwa. Alikuwa na haki.

Tangu nistaafu kadi yangu ni ya watu wawili, mimi na mke wangu. Mama yangu naye alikwisha tangulia. Binti yetu wa kwanza sasa ni mtumishi wa halmashauri, na mumewe ni mfanyabiashara asiye na bima. Wana watoto wawili. Mwaka jana alinipigia simu akauliza, "Baba, nafasi mbili zimebaki, niwaandike nani?" Nikamwambia sisi tunayo kadi yetu, aandike baba mkwe wake na mama mkwe wake, wote wawili.

"Sawa, Baba," akasema. "Nitakwenda Jumatatu."

Nikamwuliza Jumatatu ya tarehe ngapi.