Uzito Usioonekana

Kuunda ndege ndogo ya plastiki huonekana kama mchezo wa watoto, lakini ni mwalimu mkali. Ukifungua sanduku lake, msomaji, huoni ndege; waona vipande vilivyoning'inia vijitini kama matunda mabichi, na karatasi ya michoro inayoamuru kipi kitangulie na kipi kifuate. Ndege yote imo sandukuni, ila subira haimo. Hiyo huna budi kuja nayo wewe.

Nakaa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, ambako upepo wa mbugani huleta vumbi mpaka mezani. Kwa hiyo mimi hufanya kazi hii alfajiri, upepo ungali umelala, dirisha likiwa wazi. Maana mvuke wa gundi si mwema kwa kichwa. Gundi hiyo si kama ile ya karatasi. Huyeyusha plastiki ya pande zote mbili, zikachanganyika, na ikikauka huwa kitu kimoja. Tone likizidi, uso wa ndege huharibika.

Ndege niipendayo ni Cessna 172, ambayo mabawa yake yako juu ya kichwa cha rubani. Katika kipimo cha moja kwa sabini na mbili, upana wa mabawa wa mita 11 hupungua ukawa kama sentimita 15. Fikiri basi: kosa la milimita 1 katika ndege ndogo ni sawa na sentimita 7 katika ndege kubwa. Udogo wa kitu haupunguzi kosa, hulificha tu.

Kabla ya kufunga pande mbili za kiwiliwili, kuna kazi mbili za ndani. Viti na usukani hupakwa rangi. Na uzito mdogo, kama chubwi ya mvuvi, hutiwa puani. Bila uzito huo, ndege yenye gurudumu la mbele hukalia mkia wake kama mbwa. Kijana wa jirani aliyekuwa akinitazama aliniuliza, "Mzee, ukishafunga, nani atayaona hayo?" Nilimjibu kwamba hakuna atakayeyaona, na kwa sababu hiyo lazima yafanywe vizuri.

Kajiado kuna uwanja mdogo wa ndege uitwao Orly, na ndege ndogo za kweli ni jambo la kawaida angani petu. Hizo nazo hupimwa uzito, na mizigo yake hupangwa ili pua na mkia vipatane. Fundi hufungua vifuniko, hukagua nyaya zilizofichika, kisha hutia sahihi yake. Mwaka 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wa ndege katika Afrika Mashariki. Mgonjwa aliyelazwa ndani ya ndege kama hizo hawezi kukagua waya hata mmoja. Maisha yake yamo mikononi mwa mtu asiyemjua, aliyefanya kazi pasipo kutazamwa.

Si kila msomaji atakuwa rubani au fundi wa ndege. Lakini kila mmoja atapewa kazi yenye ndani na nje: msingi wa nyumba, hesabu za chama, dawa ya mgonjwa. Wanaotazama huona nje; wanaotegemea huishi kwa ndani. Basi ufikapo pa kufunga, simama kidogo ujiulize kama uzito umo.