Gari Lililotembea Kidogo

Zamani, gari likiuzwa Tanga, hakuna aliyeuliza limetembea kilomita ngapi. Waya wa spidomita ulikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kukatika kwenye barabara zetu, na ukishakatika hakuna aliyehangaika kutafuta mwingine. Mshale ulilala kwenye sifuri na safari zikaendelea. Hata pale mita ilipokuwa nzima, nyingi zilikuwa na tarakimu tano tu, zikifika 99,999 zinaanza moja. Peugeot 504 iliyosoma elfu ishirini na tatu ingeweza kuwa imetembea hizo, au laki na hizo, au laki mbili na hizo. Mnunuzi aliuliza mambo mengine: la nani, linakula oili, kadi ipo?

La nani ndilo lililobeba bei. Gari la daktari, gari la misheni, na juu ya yote gari la TX. Hao walikuwa wataalamu wa kigeni, magari yao yakibeba namba za TX, na mkataba ukiisha waliuza kila kitu, friji, mapazia, baiskeli za watoto na gari. Watu walipanga foleni hata kwa ajili ya sufuria zao.

Kwa TX mmoja ndiko nilikoona gari la spoti kwa karibu mara ya kwanza: MGB nyeupe, la Kiingereza, la viti viwili, limeegeshwa chini ya mwarobaini. Mapenzi nilikuwa nayo tangu zamani. Picha ya Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, ilibandikwa kwa kinyozi wetu, na mimi nilikuwa nanyolewa mara nyingi kuliko nywele zangu zilivyohitaji. Kwa hiyo nilimfuata fundi wa mtaani, mzee aliyejifunza kazi kwenye mashamba ya mkonge, aje anitazamie ile MGB. Mwenye gari alikuwa anaisifu kwamba ameiendesha kidogo sana, Jumapili tu, tena si kila Jumapili.

Mzee hakuwasha hata injini. Alifungua boneti, akabinya mpira wa rejeta kwa kidole gumba, ukatoa mlio mkavu. Akapitisha ukucha kwenye mpira wa mlango, ukameguka. Akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Mwanangu," akaniambia tukiwa njiani kurudi, "gari hili halijachoka. Limekauka." Sikulinunua; pesa zenyewe sikuwa nazo. Lakini nilibaki na lile neno lake, maana kila mtu mwingine pale alikuwa anahesabu uchache wa safari kuwa ndiyo sifa.

Mita ilianza kupata heshima baadaye. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na enzi ya rais tuliyemwita Mzee Ruksa ikaufungua mlango zaidi. Miaka ya tisini yakaingia magari kutoka Dubai, mengine yakiwa yamehamishwa usukani kutoka kushoto kwenda kulia na wewe unajua kwa kutazama dashibodi ilivyoshonwashonwa. Hapo ndipo yadi zilipozaliwa, na mwenye yadi hawezi kukuambia gari lilikuwa la daktari gani. Alichonacho cha kukuonyesha ni namba. Basi namba ikaanza kuuza, na kitu kinachouza hakikosi wa kukichezea. Kurudisha kilomita ikawa kazi ya mtu mwenye bisibisi na saa moja ya nafasi.

Mafundi nao wakajibu. Walijifunza kusoma gari bila mita: raba ya pedali ya breki imeliwa upande gani, ukingo wa kiti cha dereva pale mtu anapojitelezesha kushuka umelegea kiasi gani, usukani unang'aa sehemu ya mikono. Gari linalosoma elfu thelathini halafu pedali zake ni chuma kitupu, hilo lina umri wa siri. Nawaheshimu waliojua kazi hiyo kuliko mashine yoyote ya kupima.

Halafu ikaja intaneti, na Japani ikawa jirani. Kwa sisi wapenzi wa magari ya zamani hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli, na sababu yake ni ya kodi tu. Mjapani analazimika kupitisha gari lake kwenye ukaguzi uitwao shaken: jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama yake si ya mchezo. Gari la petroli likivuka miaka kumi na mitatu kodi yake ya mwaka inapanda. Matokeo yake mtu anauza gari ambalo kwetu lingeitwa jipya. Linakwenda mnadani na karatasi: mchoro wa gari umetandazwa kama ngozi ya mbuzi, juu yake herufi ndogondogo, A kwa mkwaruzo, U kwa kibonyeo, W palipopigwa bati na kupakwa rangi, S kwa kutu. Ukiona R mahali pa alama ya jumla, ujue liliwahi kugongwa likatengenezwa.

Kwa karatasi kama hiyo nilinunua Eunos Roadster ya 1991, nyekundu, kilomita elfu thelathini na nane. Ni Mazda ile ile ambayo nje ya Japani inaitwa MX-5, iliyoonyeshwa Chicago Februari 1989: injini ya lita 1.6, uzito kama kilo 940, taa zinazofumbua na kufumba. Ndilo gari la spoti la viti viwili lililouzwa kuliko yote duniani. La milioni moja lilitoka kiwandani mwaka 2016. Kwa miaka mingi hapa halikuwa na mnunuzi. Gari la watu wawili, lisiloingia hata kreti ya soda, nani alitaka? Ushuru wa uchakavu nao ulinifanya wakala wangu wa forodha anipigie simu mara ya pili kuuliza kama nina uhakika.

Karatasi haikusema uongo. Raba za pedali zilikuwa na mistari yake yote. Kwenye kifuniko cha taimingi belti palikuwa na stika ya gereji ya Japani, tarehe na kilomita zimeandikwa kwa kalamu. Lakini injini ilipowaka, tapeti zikagonga kama cherehani, kwa sababu oili ilikuwa imezishuka muda mrefu. Silinda ndogo ya klachi ikavuja wiki ile ile. Dirisha la nyuma la plastiki lilikuwa njano kama karatasi ya chai. Matundu ya kutoa maji ya mvua nyuma ya viti yalikuwa yameziba kwa majani ya huko huko, na hayo ndiyo yanayoozesha vizingiti vya milango. Nilikuwa nimetenga fedha ya haya yote kabla ya kulipa. Mzee wa mkonge alishanifundisha. Tulibadilisha mipira yote, belti, oili mara mbili mfululizo, na tapeti zikanyamaza.

Sasa wamekuja vijana wanaonunua namba. Marekani inaruhusu kuingiza gari lolote likifikisha miaka 25 bila kulipima kwa kanuni zao za usalama, na hilo limepandisha bei ya Skyline na wenzake kule minadani, hadi vumbi lake limefika kwetu. Najua mtu aliyenunua la kilomita chache akalifunika turubai, analiwasha mara moja moja alipige picha. Akiulizwa, anasema kila kilomita inampunguzia thamani. Kihesabu yuko sahihi. Mimi naona analikausha kwa gharama kubwa.

La kwangu linapanda Lushoto. Kutoka Mombo barabara inajikunja na mlima, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili, gia ya pili, ya tatu, ya pili tena, na gia fupi ya Roadster inaingia kwa kusukuma kifundo cha mkono tu. Rafiki yangu wa Mombasa analitamani, ila Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo anavuka mpaka wa Horohoro kuja kuliendesha. Akirudisha funguo huinama kwanza kutazama mita.

"Kaka, nimekupunguzia bei."

Mimi huangalia geji ya mafuta.