Mguu Unaojua Umekanyaga Wapi

Shemeji yangu alipoteza mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Mguu wake wa bandia ni imara na umemkaa vizuri, lakini hutembea macho chini. Giza likiingia hatoki nje bila tochi, kwa kuwa mguu haumwambii umekanyaga jiwe au shimo.

Hapa Boston nimekuta jambo linalomhusu. Msuli wa mbele ya muundi na ule wa shavu la mguu hufanya kazi kwa jozi: mmoja ukijikaza, mwenzake huvutika, na mishipa ya fahamu huupa ubongo habari kwamba wayo umeelekea wapi. Ukataji uliozoeleka huivunja jozi hiyo. Mwaka 2016, madaktari wa hospitali ya Brigham and Women's Faulkner, wakishirikiana na maabara ya Hugh Herr wa chuo kikuu cha MIT, walianza kuishona upya wakati wa kukata. Herr mwenyewe hana miguu yote miwili; iliharibiwa na baridi kali mlimani mwaka 1982.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalihusu watu 14, wote wakiwa wamevaa mguu wa mota unaopokea amri kutoka kwenye misuli. Saba walioshonwa jozi walifikia kasi iliyowazidi wenzao kwa asilimia 41.

Mota hiyo ni ghali, na sitarajii kuiona kwetu hivi karibuni. Lakini kushona jozi ni kazi ya mkono wa daktari, na hata bila mota ubongo huendelea kupata habari za misuli. Si kila mgonjwa anafaa, hasa ambaye kisukari kimezuia damu kufika mguuni. Vijana wa ajali za pikipiki, wengi wangefaa.

Nyumbani hatuanzii sifuri. Chuo cha TATCOT, Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia tangu miaka ya 1980, na kiko ndani ya eneo la hospitali ya KCMC. Fundi huchukua umbo la kigutu kwa plasta, hufinyanga plastiki ya moto juu yake, kisha humtazama mgonjwa akitembea na kurekebisha. Nadhani tunachokosa ni fundi huyo kukaa na daktari kabla ya msumeno.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa jamaa yako ameambiwa atakatwa mguu na hali si ya dharura, muulize daktari kabla ya kutia saini: misuli itashonwaje, na fundi wa mguu ameshirikishwa?